Kwa Feza, Anayekwenda Kupanda Minara

Feza mwanangu, wewe ambaye kesho saa kama hizi utalala kwa watu,

Kwanza nakuomba usinicheke. Naandika Kiswahili kile masista walitufundisha kule Kilwa kwa wazazi wangu, ng'ambo ya ziwa letu hili, Kiswahili cha kitabu. Lakini nikipata hasira mukono utaandika vile tunasema sokoni, na wewe unanijua, siwezi kumaliza karatasi mbili bila kupata hasira.

Ya sabuni siyarudii. Ya kushona pesa ndani ya nguo, ya kutonunua mayai ya kuchemsha pale pantoni ya Chembe, ya kuamka mapema nyumbani kwa dada wa baba yako huko Kitwe, yote umeyasikia mchana kutwa, mpaka ukaanza kuitika "ndiyo mama" kabla sijafika katikati. Bon. Hayo yametosha.

Nakuandikia juu ya lile neno. Tangu yule ingenieri wa Kitwe alipoita kwenye radio ya Ba Mulenga na kusema kuna nafasi kwako, nafasi ya kupanda minara na kufunga antena za hizi simu zisizo na waya, umekuwa ukinizunguka ukingoja niseme. Baba yako alikubali siku ileile. Mimi nikasema "tutaona". Ukaniuliza tena, nikasema "Mungu anajua". Juzi ukaniuliza nikiwa naanika samaki wadogo wa chisense, nikakutuma maji. Halafu ukasema maneno ambayo mpaka sasa yamenikaa kifuani: "Mama, mi niko naenda. Lakini kama haujasema nipande, sitapanda. Nitabaomba banipe kazi ya chini, ya kubeba vyuma." Wewe unajua na mimi najua, watu wa kubeba vyuma wanao wa kutosha. Watakurudisha. Utarudi hapa Kashikishi kuanika samaki pamoja na mimi, utakuwa umenitii, na hautanisamehe.

Ngoja nianze na Ba Mulenga, kwa maana yeye njo alileta haya yote.

Mwanzoni sikumupenda, na wala sikuficha. Mwalimu wa sayansi aliyestaafu, mutu wa hapahapa, mupole, shati limepigwa pasi hata Jumamosi, halafu anakaa peke yake ndani ya nyumba ya betoni ya saruji iliyokuwa zamani stoo ya samaki, anazungumza na watu wa Brazili. Nilikuwa nasema sokoni: mutu gani huyu anauliza hali ya hewa ya Japani na hajui jirani yake amekula nini? Watu walicheka sana. Sisi wafanyabiashara tulizoea foni, ile radio ya kuulizia mali: kamyo ya mizigo imefika, kamyo imekwama, tuma magunia. Tuliposikia kuna radio kubwa tukafikiri tumepata foni ya bure, tukaenda kwake msururu mzima. Akatuambia taratibu, awe mukwai, hapana kwa heshima, leseni yake ni ya kujifunza na kusalimiana tu, biashara hairuhusiwi. Nilitoka pale nimevimba. Radio ya kusalimiana! Na wewe ukabaki ndani, umevaa vile vitu vya masikioni, na jioni ukarudi unanigongea meza kwa vidole ile lugha ya radio, ti-ti-taa, ti-taa, mpaka nikakuonyesha mwiko wa kusongea bukari.

Nilidhani ni mchezo wa utoto na utaisha. Ulimaliza shule, ukaanza kuongea nami habari za nguzo na nyaya. Wenzako walikuwa wanasuka nywele.

Antena yenyewe ya ile radio ilikuja vipande vipande juu ya kamyo, imetoka kwa rafiki wa Ba Mulenga aliyezeeka na kuacha radio. Mulipoiunganisha uani nilikuja kuangalia, nikabaki mudomo wazi. Bomba moja refu katikati, na mabomba mengine yamepita kushoto na kulia, sawasawa na mifupa ya samaki ukishamaliza kula. Samaki wa urefu wa bwato la kuvulia! Nikauliza kitu hiki kitakaa wapi, Ba Mulenga akanyoosha kidole juu ya nyumba yake. Nikasema moyoni, huyu mwalimu amechoka na dunia.

Sitaki kusema uongo lakini, ule munara mulioujenga juu ya lile paa la betoni ulikuwa kazi ya watu wenye akili. Sikuelewa wakati ule juu ya nini Ba Mulenga hakuweka miguu ya munara katikati ya paa, penye nafasi ya kutosha. Aliiweka pale ambapo kuta zinapita chini yake, juu ya vyuma bapa, ili uzito ushuke ukutani mpaka ardhini, usilipasue paa. Alipima pia umbali wa nyaya za umeme zinazopita barabarani. Akasema munara ukianguka, uanguke upande wowote unaotaka, hata ncha ya antena isifike kwenye zile nyaya. Niliposikia "ukianguka" nikafanya alama ya musalaba, na yeye akaendelea kupima.

Baba yako njo alifunga zile nyaya nene za kuushikilia munara kutoka kwenye pembe za paa. Unakumbuka vile alivyozifunga? Mutu ameendesha bwato maisha yake yote, anajua kamba ya bwato inaachiwa ilegee kidogo, ili bwato lipande na kushuka na mawimbi bila kukata kamba. Akafanya vilevile. Ba Mulenga akaja, akagusa waya mumoja kwa vidole viwili, ukayumba kama kamba ya kuanikia nguo.

"Ba Shi Feza," akamuambia baba yako, "hii si bwato, mukwai. Ukiupa nafasi ya kucheza, utacheza mpaka ukatike."

Baba yako alirudi nyumbani amenuna. Hakumaliza hata chakula. "Mwalimu atanifundisha mimi kufunga kamba? Mimi?" Asubuhi akaondoka bila kuniaga, nikajua amekwenda kuzifunga upya. Alikaza huku kidogo, akazunguka akakaza kule kidogo, na kipimo cha maji kimefungwa kwenye nguzo, mpaka munara ukasimama wima. Wanaume wa kwetu hawasemi "nimekosea". Wanakwenda asubuhi na spana. Ukiolewa huko unakokwenda, angalia spana, usingoje maneno.

Kwamba wewe ndiwe uliyekuwa unapanda, niliambiwa sokoni na mutu anayenunua chisense. Alikuwa anabishana na mimi bei, akainua macho, akaniambia: "Bana Feza, ile si mutoto yako? Iko kule juu sawa nyani!" Niliacha mizani, niliacha samaki, nilikimbia na mikono yangu ya samaki mpaka kwa Ba Mulenga. Nilimusemesha mbele ya watu. Nilimuuliza kama yeye hana mutoto wake wa kuning'iniza huko juu.

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Akasema, "Bana Feza, mi nilipanda miaka yote, sasa magoti yamekataa. Huyu hapandi kwa sababu namutuma. Anapanda kwa sababu haruki hatua." Akakuita ushuke, akanionyesha ule mukanda mupana wa kiunoni na kamba zake mbili zenye kulabu. Ukanionyesha wewe mwenyewe: kulabu hii haitoki kwenye chuma mpaka ile nyingine imeshika. Kila hatua, hata ukiwa karibu na chini, hata ukiwa umechoka na njaa inauma. Nilivuta ile kamba kwa nguvu zangu zote, nikitaka ikatike ili nipate sababu. Haikukatika.

Basi siku ya kuipandisha antena ikafika, na ilikuwa siku ya tatu kuitwa, kwa kuwa mara mbili Ba Mulenga alitukusanya na mara mbili akaturudisha nyumbani. Upepo. Unatoka ziwani hata haujatikisa majani vizuri, yeye anatazama tu, anasema leo hapana. Watu walinung'unika. Mimi ndiye nilinung'unika kuliko wote, nilikuwa na wateja wa Kilwa wananingoja.

Siku ya tatu ziwa lilikuwa limelala kabisa. Ukapanda. Puli, lile gurudumu la kupitishia kamba, ilikuwa imefungwa juu, na kamba ya kuinulia ikashuka mpaka kwetu chini uani. Kwenye kamba ile tulikuwa baba yako, mimi, na jirani zetu wawili. Wengine wawili walishika kamba ya mukia, ya kuivuta antena mbali na munara isije ikajigonga. Ba Mulenga akasema maneno yake, nayajua mpaka leo: hakuna mutu kusimama chini ya muzigo. Sauti ni moja, yake tu. Akisema vuta, tunavuta. Akisema shika, tunashika bila kuvuta wala kulegeza. Na Feza akisema kitu kutoka juu, yeye Ba Mulenga ndiye anakirudia kwetu. Tukaitika wote, ee mukwai, ee mukwai. Mimi pia niliitika. Niliitika kama vile wewe unavyoniitikia mambo ya sabuni.

Sasa hapa njo pale ambapo wewe haujui, kwa kuwa ulikuwa juu na mabaya yote yalifanyika chini.

Antena ilianza kupanda vizuri. Ilikuwa imefika usawa wa paa wakati wale wavuvi walipotoka ziwani, wanapita barabarani na makasia yao. Wewe unajua desturi ya hapa kwetu: mutu hapiti mbele ya kamba inayovutwa. Hata kama amevaa suti ya harusi, ataweka koti chini na kushika. Wakaweka makasia, wakaja nyuma yetu, wakashika. Hakuna aliyewaita. Na mimi nilifurahi, Feza! Nilisema karibuni baba, karibuni. Kamba ikawa nyepesi, mumoja akaanzisha ule wimbo wa kukokota wavu, "tinta!", yaani vuta, na sisi tunajibu "tinta!", na mimi nikaimba kuliko wote kwa sababu mabega yalikuwa yameacha kuuma. Sauti ya Ba Mulenga haikusikika tena. Nilimuona amefungua mudomo na kupunga mikono. Nilifikiri anafurahi.

Halafu ukapiga kelele kutoka juu. "Muache! Muache!" Mfupa mumoja wa antena ulikuwa umejikwaa kwenye waya wa baba yako, waya ule ule alioukaza. Ulihitaji tusimame.

Mutu mwingine yeyote duniani akisikia kelele vile atasimama. Sisi, hapana. Sisi tumekua na wavu. Wavu ukikaribia ufukoni kuna mumoja anakuwa ndani ya maji, kwenye mudomo wa wavu, na yule akipiga kelele maana yake samaki wanatoroka, na mutu wa ufukoni akisikia hiyo kelele hafikiri, hachagui maneno, anavuta. Tangu nilikuwa mutoto nimevuta hivyo. Ulipopiga kelele, mikono yangu ilivuta kabla mimi sijajua. Wote tulivuta. Ukapiga kelele tena, tukavuta zaidi. Nilisikia munara unalia, chuma kinalia, na nikaona lile bomba refu linapinda na kuzunguka kuja upande wako, na nilikuwa bado navuta. Nilikuona, nilijua kuwa ni wewe, na nilikuwa navuta.

Ndipo ukaniita jina langu.

"Bernadeta! We Bernadeta! Simama!"

Mungu wangu. Hakuna mutoto wa nyumba yetu aliyewahi kutamka lile jina. Mama yangu mwenyewe tangu ulipozaliwa hakunitaja hivyo, aliniita Mama Feza, kama watu wa huku wanavyoniita Bana Feza. Baba yako ananiita Mama Feza hata tukigombana. Na wewe ukalitoa mbele ya watu wote, mara mbili, kwa sauti ya mutu anayemukemea mbwa. Wimbo ulikatika palepale. Wavuvi walinigeukia mimi, hawakukutazama wewe, walitaka kuona uso wa mama aliyetukanwa na binti yake. Na mikono yangu ikasimama. Hakuna neno lingine lingeisimamisha.

Katika ile kimya Ba Mulenga akapata sauti yake. "Shikeni! Musilegeze!" Maana kuna yule aliyetaka kuiachia kamba kabisa kwa mushangao, na kama tungeiachia, lile bomba lingeshuka nawe. Tukashika. "Legezeni kidogo. Kidogo. Shikeni." Ukanyoosha mukono, bado umefungwa na kulabu zote mbili, ukausukuma ule mfupa ukatoka kwenye waya, na antena ikarudi mahali pake, bado inatikisika. Damu ilikuwa inakutoka kwenye kiwiko, nilikuja kuiona baadaye. Ba Mulenga aliwashukuru wavuvi kwa heshima zote, akawaomba waende wakapumzike. Hakumugombeza mutu. Tukavuta mpaka juu, sauti moja, ukaifunga, ukakaza bolti zote, ukarudia kuzikaza zote tangu ya kwanza, mimi nikisimama pale nimeshika kamba ambayo haikuwa na kazi tena. Hata ule waya muzito wa kuzika udongoni kwa ajili ya radi mulimaliza siku hiyohiyo. Mutu mwingine angesema tumechoka, tutafanya kesho.

Na mimi nilifanya nini uliposhuka? Unakumbuka. Watu wote wanakumbuka, kwa kuwa nilifanya mbele yao. Sikukukumbatia. Sikukuuliza kiwiko. Nilikwambia, "Mutoto asiye na adabu." Jioni nikamuambia baba yako kwamba sitakula chakula ulichopika mpaka uniombe musamaha, na baba yako kwa uoga wake akakuita, na ukapiga magoti mlangoni, jirani wakiangalia, ukasema, "Mama, unisamehe, nilitaja jina yako." Nikakuacha magotini kwanza, ili uone uzito wake. Halafu nikasema nimekusamehe. Nikajiona mama mwema!

Sikulala vizuri wiki nyingi baada ya pale. Mikono yangu ilikuwa inavuta usingizini, baba yako akaniamsha, akafikiri ni malaria. Nilikuwa naliona lile bomba linakuja. Na kidogo kidogo, nikianika samaki, nikipima, nikibishana bei, ikaniingia akilini: ulikuwa na pumzi moja tu pale juu, ukachagua neno moja tu ambalo lingenifikia, ukijua kabisa nitakutesa nalo ukishuka. Ukalisema. Halafu ukapiga magoti na kuomba musamaha kwa kuokoa maisha yako. Ni mimi nilipaswa kupiga magoti, Feza. Nimejaribu kukuambia hivi mara ngapi, naishia kukutuma maji. Nisamehe. Nimelisema sasa, na machozi yameangukia karatasi, utaona pale wino umetawanyika.

Nikuambie na ya bibi yako, ambayo haujaisikia. Nilipovuka ziwa kuolewa huku, mama yangu hakutaka. Hakupiga kelele, yeye hakuwa mutu wa kelele kama mimi. Alikuja ufukoni Kilwa, nikiwa nimekaa tayari ndani ya bwato la baba yako, akanipa mugongo. Alisimama hivyo, kitenge chake kinapigwa na upepo, mpaka sikuweza kumuona tena. Nilivuka lile ziwa lote nikiangalia mugongo. Nilirudi kumutembelea mara mingi, alinipikia sombe ya majani ya muhogo, alikubeba wewe, alicheka na baba yako. Ile siku hatukuizungumza hata mara moja. Alipokufa, mimi nikiwa kando yake, nilikuwa bado nangoja ageuke. Kila kazi niliyoianza upande huu, hata kufungua meza ya kuuzia samaki, niliianza nikijisikia kama ninaiba. Sijui kama ulishawahi kujiuliza juu ya nini mama yako anagombana na kila mutu. Mimi nilishajiuliza, na jibu nimeliona nikikuandikia hapa.

Kwa hiyo nisikilize, halafu niache kuongea.

Kule unakokwenda, chini ya munara watakuwa wanaume wakubwa kwa umri. Utawaita bosi, shefu, tate, mukwai, na ndivyo inavyofaa, sikukuzaa uwe mutu wa kukosa heshima. Lakini wao pia watakuwa na wimbo wao. Watakuwa na haraka, watakuwa na kamyo inayowangoja, watasema upepo huu mudogo tu, watasema mutoto wa kike anaogopa. Ukiona muzigo unakwenda vibaya na wao hawasikii, usianze na "samahani bosi". Piga jina lake. Jina lake lile mama yake alimupa. Kabla haujapanda munara wowote, jua majina ya wote walioshika kamba chini. Na wakikukasirikia ukishuka, waache wakasirike, uwe umeshuka muzima. Wakitaka upige magoti, ukitaka piga, usipotaka usipige, mimi sitakulaumu kwa lolote. Kuna mutu mumoja tu uliyepaswa kumuheshimu siku ile, na ni yule aliyekuwa amefungwa kwenye munara.

Na siku ukiamka na mwili umekataa, sema. Usipande kwa aibu. Ba Mulenga aliturudisha nyumbani mara mbili, na mimi nilimucheka, na hakuna aliyekufa. Hata ukirudi hapa baada ya wiki moja, umeshika sanduku lako, umesema mama nimeshindwa, nitakupikia, na yule wa sokoni atakayekucheka atanunua samaki kwingine. Ni mimi nasema, na unajua mudomo wangu.

Barua hii nitakupa kwenye basi. Usiifungue mbele yangu. Nikikuona unaisoma nitaanza kufuta maneno, nitasema sikumaanisha, nitakukumbusha mayai ya pantoni.

Nimelizunguka lile neno kurasa zote hizi, na sina pa kuzungukia tena. Naogopa, mwanangu. Sitaki kukudanganya kwamba woga umeisha. Kila asubuhi hapa upepo utakapoanza kutoka ziwani nitajiuliza kama na kule Kitwe unavuma, na uko urefu gani kutoka chini. Nitakuulizia kwenye radio ya Ba Mulenga mpaka anichoke, na leseni yake ya kusalimiana itapata kazi. Woga huo ni wangu, niachie mimi, usiubebe kwenye munara wa watu. Mama yangu alinipa mugongo. Mimi kesho nitasimama pale nikiwa nimekuelekea uso, hata kama nalia, mpaka basi lipotee.

Basi mimi Bernadeta, mama yako, nikiwa na akili zangu zote, na baba yako amelala nyuma yangu anakoroma kama shahidi, nasema: panda, Feza. Panda.